Saluni ya Mama Kashindye na Kilima cha Nyarugusu

Mara ya kwanza saluni ya Mama Kashindye, gari dogo la abiria, ilipojaribu kupanda kilima cha Nyarugusu, ilirudi kinyumenyume. Mimi ndiye niliyekuwa nimeitengeneza. Nilikaa kiti cha mbele, nimeshikilia mlango kwa mikono yote miwili, na mwenye gari alikuwa kwenye usukani akikanyaga breki mpaka amesimama. Nyuma tulikuwa na magunia mawili ya mchele. Tuliishia mtaroni, matairi ya nyuma ndani, taa za mbele zikiangalia mawingu. Wachimbaji waliokuwa wakipita na makarai yao walicheka hadi mmoja wao akaketi chini.

Naanzia hapo makusudi, vijana. Najua mnavyotusikiliza sisi tuliostaafu: mnangojea tuwaambie tulivyokuwa hodari. Mimi nitawaambia kwanza nilivyoharibu. Baadaye nitajisifu, na nikianza kujisifu asinizuie mtu.

Nilizaliwa Ushirombo, kwa wakulima, watu wa kanisani. Geita nilikuja kushona, na ufundi wa magari haukuwa hata mawazoni. Fundi Salehe, mwenye gereji kubwa kuliko zote mjini enzi zile, aliniajiri nishone viti vya magari na kuziba maturubai ya malori. Nilikaa pembeni ya banda na cherehani yangu, naangalia. Mwaka mzima niliangalia. Halafu siku moja kabureta ikamshinda. Kulikuwa na kispringi kidogo ndani yake, na vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za kuchoma. Akaniita: "Vero, njoo na mikono yako ya sindano." Nikakirudisha mahali pake kwa pumzi moja. Tangu siku hiyo kabureta zote zikawa zangu, na baadaye pointi, na baadaye plagi. Lakini kila mteja alipokuja Salehe alisema, "Huyu ni mshona viti, ananisaidia kushika vitu vidogo."

Niliyameza hayo. Sikuyasahau.

Sasa Mama Kashindye. Alikuwa mjane, mpika wali na maharage wa wachimbaji kule Nyarugusu. Mchele aliununua Kagongwa, na ulipofika Geita aliupandisha kwa malori ya Bwana Machibya, tajiri pekee aliyekuwa na gari la kufika kule masika. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Machibya naye akafungua hoteli ya chakula Nyarugusu, hatua ishirini kutoka kwa Mama Kashindye. Kuanzia hapo magunia ya mama yakawa yanalala Geita. Machibya alimwambia, "Lori limejaa, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "wiki ijayo." Wiki ijayo lori limejaa tena. Wachimbaji wakawa wanakuta sufuria za mama zimefunikwa, wanavuka kwenda kwa Machibya.

Mumewe alikuwa amemwachia kitu kimoja tu cha thamani: saluni ya Kiingereza, boneti ndefu, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, ambayo marehemu aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mama akajifunza kuiendesha. Akaileta gereji.

"Nataka ipande kilima cha Nyarugusu na magunia manne," alisema.

Fundi Salehe akacheka kwa heshima. "Mama, hii ni gari ya lami. Silinda sita ni za kukimbia. Ukiipeleka mlimani polepole inakufa. Iuze, ununue punda wanne."

"Punda wa nani wamewahi kubeba mchele wangu wakafika nao salama?" mama akajibu. "Nimekuuliza habari ya gari."

Nilikuwa nimeinamia cherehani. Nikasema bila kuinua kichwa: "Inaweza."

Salehe akanigeukia taratibu. Mbele ya mteja hakuweza kunitukana. Akasema, "Haya, fundi Vero. Ifanye wewe. Isipopanda, unarudi kwenye sindano zako na kabureta husogelei tena maisha yako yote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Na ndipo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nawaona vijana wakilifanya, tena wenye vyeti. Nilifikiri nguvu ni kula sana. Nikachukua kabureta pana ya lori bovu, nikaifunga juu ya ile injini. Pale kwenye tambarare iliruka kama swala! Nikajiona nimemaliza. Kilichotokea kilimani nimeshawaambia.

Baada ya aibu ile Salehe alitaka kunirudisha kwenye sindano, lakini Mama Kashindye akasema gari ni lake na nijaribu mara moja tena; nikamwendea Mzee Malunde. Huyu alikuwa mkereza vyuma katika kiwanda cha kuchambua pamba, Msukuma wa maneno machache, sikio lake moja limekufa kwa kelele za mashine. Nilimsalimu, nikamweleza. Hakuniuliza habari ya injini. Alinipeleka kwenye mpira wa maji, akafungua bomba, maji yakatiririka miguuni petu. Kisha akabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Maji yakaruka mpaka ukutani.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Injini ikizunguka polepole inavuta pumzi ndogo. Ukiipa koo pana, pumzi inapita kwa uvivu, petroli haichanganyiki, inadondoka tu kama mate. Rudisha kabureta yake ndogo. Halafu usiongeze kitu chochote kabla hujajua nini kimepotea."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonilisha miaka yote iliyofuata. Nyinyi leo mnachomeka kompyuta zenu, zinawaambia badilisha hiki, badilisha kile, na mteja akikosa kipuri mnamwambia haiwezekani. Sisi ilikuwa miaka ya foleni za sabuni. Kipuri kipya ulikisikia tu kwa jina. Kwa hiyo sikubali, na sitakubali, mtu aniambie haiwezekani kabla hajafungua boneti akaangalia nini kimepotea.

Nikafungua. Kilichopotea kilikuwa kingi.

Valvu zilikuwa zinavuja. Dawa ya kusagia valvu haikuwepo Geita, wala Mwanza. Nikatwanga chupa kwenye kinu kibovu, nikachekecha unga wake kwa kipande cha kanga mara tatu, nikachanganya na oili. Nikasaga valvu moja moja kwa kijiti chenye mpira nchani, kumi na mbili zote, mpaka kila moja ikaacha alama ya kijivu iliyo sawa kuzunguka kikalio chake. Tahadhari kwa atakayejaribu: osha kwa mafuta ya taa, osha tena, halafu osha mara ya tatu. Chembe moja ya kioo ikibaki, itakula silinda na mteja atakula wewe.

Silinda hedi niliibeba kwa Mzee Malunde. Akairanda kwenye mashine ya kiwanda, akaondoa unene usiozidi kadi ya kliniki, ili petroli na hewa vibanwe zaidi. Nilitaka aongeze. Akakataa katakata. "Petroli yetu ya kwenye pipa ina nini ndani yake? Hata anayeiuza hajui. Ukiibana sana itawaka kabla ya wakati, na injini itagonga kama mtu anayepiga bati. Hiyo inatosha." Alikuwa sahihi. Kubana kidogo kunaipa injini kifua. Kubana sana kunapasua pistoni.

Kisha tukafika kwenye mnyororo wa kamshafti, ile shafti inayofungua na kufunga valvu. Ulikuwa umelegea kwa uzee, na ukilegea, valvu zinachelewa kufungua na kuchelewa kufunga. Hapo nikaelewa kwa nini gari lile lilikuwa na mbio bila kuwa na msuli. Valvu ikichelewa kufunga, injini inayozunguka polepole inarudisha nje nusu ya pumzi iliyokwisha kuvuta. Mnyororo mpya haukupatikana. Mzee Malunde akachukua kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga gia ya kamshafti kwenye shafti yake, akachonga kingine kwa tupa chenye ngazi katikati, ili gia ikae mbele kidogo kuliko ilivyokuwa. Akakifanya mbele yangu, akakitupa. Akanipa tupa. "Chonga wewe."

Niliharibu vitatu. Cha nne alikigeuza-geuza kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha kiganjani mwangu bila kusema neno. Kwa Mzee Malunde hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Tulipowasha injini iliunguruma tofauti, chini zaidi, kama inatokea tumboni. Fundi Salehe alitoka ndani, akasikiliza, akarudi ndani.

Lakini hayo yote yasingetosha. Difu, zile gia za katikati ya matairi ya nyuma, ilikuwa bado ya lami. Nawafundisheni jinsi ya kujua: inueni matairi yote mawili ya nyuma, muyazungushe yote pamoja mzunguko mmoja kamili, na mwenzenu ahesabu propela shafti, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inazunguka mara ngapi. Ya saluni ile ilizunguka mara tatu na nusu na kidogo. Nilijua kampuni ileile ilitengeneza gari la kubebea mizigo lenye ekseli inayofanana, na difu yake inazunguka karibu mara tano. Unapoteza mbio, unapata msuli. Salehe aliposikia alisema nitaliharibia gari mwendo wake. Nikamuuliza, "Kutoka hapa mpaka Nyarugusu lami iko wapi?"

Mzoga wa gari kama hilo ulikuwa Buseresere, nyuma ya duka la Bwana Jayanti, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye baba yake alifungua duka pale kabla mimi sijazaliwa. Nilikwenda na Mama Kashindye kwa hiyo saluni yenyewe. Nilimkuta Bwana Jayanti amekaa kwenye kiti cha pikapu yake, godoro limetoka nje, springi zimechomoza.

"Ile mzoga siuzi," alisema. "Kila mtu anataka kipande. Ile ya kumbukumbu ya mzee wangu."

"Sitaki kununua," nikamwambia. "Nataka difu tu. Na wewe unakaa juu ya springi, utapata kidonda. Nitakushonea viti vyote viwili vya pikapu, na kile cha nyuma ya kaunta anachokalia mama yako, kwa turubai la kijani lenye mshono mara mbili."

Akaniangalia. "Wewe fundi wa viti au fundi wa difu?"

"Mimi ni fundi."

Mama yake, aliyekuwa nyuma ya kaunta, akasema kitu kwa Kigujarati. Bwana Jayanti akacheka akainuka kutafuta spana. Nilishona siku mbili, na siku ya tatu nilikuwa chini ya ule mzoga, nimelala kwenye gunia, Mama Kashindye akinipasia spana na kunitajia saizi zake kama aliyezaliwa gereji.

Nitaruka mbele kidogo, maana najua kuna mjuaji atauliza gari lile liliishi muda gani. Liliishi misimu mitatu ya masika. Gasketi ya hedi ilikufa mara moja, klachi mara mbili, na nilizibadilisha mwenyewe. Baadaye Mama Kashindye aliliuza kwa kupenda kwake, akiwa na hoteli ya matofali. Atakayesema kwamba niliiua ile saluni namwambia hivi: ilikuwa imekwisha kufa ikiwa imesimama chini ya turubai. Mimi niliifanyisha kazi.

Turudi kilimani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha tangu alfajiri na kukatika saa tatu. Kiti cha nyuma nilikuwa nimekitoa, na springi za nyuma nimeziongeza jani moja moja. Magunia manne yalikaa ndani, mawili kwenye buti, mawili nyuma yetu, yakinukia mchele mpya. Mama aliendesha. Mimi nilikaa pembeni yake na spana moja mapajani.

Tulianza kupanda kwa gia ya pili. Injini haikulalamika. Udongo mwekundu ulikuwa ukitoka chini ya matairi kwa vipande, na sisi tunakwenda, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo kichwani. Mama alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Nilitamani kulia, lakini niliogopa kumpotezea mahesabu.

Tulipopita kona ya katikati tukalikuta lori la Machibya. Limezama matairi ya nyuma, limekaa mshazari, dereva na utingo wake wako chini wanachimba. Machibya mwenyewe alikuwa amesimama barabarani, suruali imekunjwa, mwavuli mkononi. Kati ya lori na ukingo wa kilima ilibaki nafasi ya gari dogo tu. Lakini yeye alikuwa amesimama palepale kwenye nafasi. Mama akalazimika kusimama.

Sikilizeni vizuri, vijana. Kupanda kilima ukiwa kwenye mwendo si kazi. Kuanza kutoka sifuri, katikati ya mpando, kwenye tope, na magunia manne: hapo ndipo unapojua kama ulichotengeneza ni injini au ni kelele.

"Mwadila, Mama Kashindye," Machibya alisema. "Geuza gari, mayu. Hapa si mahali pa teksi."

"Mwadila, baba," mama akajibu. "Naomba usogeze mguu, nisije nikaukanyaga."

Machibya akatabasamu, akasogea. Alisogea kwa sababu alitaka kuona. Utingo naye akaacha kuchimba, akaegemea koleo.

Mama akaachia klachi kidogo. Injini ikashika, gari likatetemeka, na nikasikia kile nilichokuwa nakiogopa: ka, ka, ka, ka, kama mtu anayegonga bati. Petroli ya pipa, injini ya moto, mzigo mkubwa. Machibya naye alisikia. "Inakufa hiyo," alisema kwa furaha.

"Zima! Vuta hendibreki!" nilimwambia mama.

Niliruka nje, nikatia mawe mawili makubwa nyuma ya matairi, nikafungua boneti. Mvuke ukanipiga usoni. Wanaume watatu walikuwa wakiniangalia, na sikutaka kuwatazama. Kwa hiyo niliangalia distribyuta tu, kile kikombe kinachogawa moto kwenye plagi. Nililegeza bolti yake, nikaizungusha kurudisha moto nyuma, cheche zichelewe kidogo. Nilirudisha kiasi gani? Upana wa uzi. Uzi mnene, ule wa kushonea turubai. Sikuwa na kipimo kingine, na vidole vyangu vilikuwa vinaujua upana huo kuliko vinavyojua kitu chochote duniani. Nikakaza, nikafunga boneti, nikapanda.

"Gia ya kwanza. Usiivumishe. Iache ivute yenyewe."

"Ikirudi nyuma?"

"Haitarudi."

Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilisema hivyo kwa sababu alihitaji kusikia hivyo, na mimi pia.

Mama aliachia hendibreki. Gari likakaa juu ya mawe yale, likafikiri. Injini ikashuka, ikashuka, mpaka nikaweza kuhesabu silinda moja moja zikipiga, moja, mbili, tatu, na hazikugonga. Kisha nyuma ya gari ikajikunja kama mnyama anayetaka kunyanyuka, tairi likazunguka mara moja bure, likashika. Tukaondoka. Tulipita kati ya lori na ukingo, kioo cha pembeni kikikwaruza udongo, tukampita Machibya na mwavuli wake polepole kiasi kwamba angeweza kunishika mkono kupitia dirishani.

Juu ya kilima nilidhani tutasimama tushangilie. Mama hakusimama.

"Husimami?" nikamuuliza, machozi yananitoka bila aibu.

"Nisimame nina nini? Sasa hivi ni saa tano. Watu wanatoka mashimoni saa saba."

Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni kwake. Tulishusha gunia la kwanza sisi wawili, akakoka moto nikiwa bado nanawa mikono. Kufika saa saba sufuria zilikuwa wazi na benchi zimejaa, na wachimbaji walewale waliocheka wiki mbili kabla walikuwa wakipima matairi ya saluni kwa macho na kubishana kama ni saluni kweli. Kuvuka barabara, mlango wa hoteli ya Machibya ulikuwa wazi, lakini jikoni hakukuwa na moshi. Mchele wake ulikuwa kwenye lori, kule kilimani.

Yapata saa tisa alifika mwenyewe kwa miguu, tope mpaka magotini. Alisimama kidogo katikati ya barabara akiangalia kwake, kisha akaangalia kwetu. Njaa ikaamua. Akaja, akaketi mwisho wa benchi, na Mama Kashindye akampakulia sahani iliyojaa sawa na za wengine, bila neno la kejeli. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa kupanda kilima.

Machibya alikula vijiko vitatu vinne. Halafu akauliza, "Ile gari nani alikutengenezea? Salehe?"

Mama akaninyooshea mwiko.

Machibya alitazama nyuma yangu kwanza, akitafuta mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Akanirudia mimi, akaangalia kitenge changu, akaangalia oili chini ya kucha zangu. Akasogeza sahani yake karibu na mimi.

"Lori langu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ili wachimbaji wasisikie, "nalo linakufa kwenye mpando. Tangu mwaka jana. Unaweza kuliangalia? Twende sasa hivi, bado kuna mwanga."

Nilikuwa na sahani yangu mapajani, ya kwanza tangu asubuhi.

"Kula kwanza, baba," nikamwambia. "Na mimi nakula."